Insha imegoma: mwongozo wa kutafuta chanzo kwa mwanafunzi wa chuo

Gari likitoa moshi mweusi, moshi unauona kwenye ekzosi, lakini fundi anayejua kazi yake anafungua boneti. Insha za chuoni ziko hivyo hivyo. Mwanafunzi analalamika kwamba hajui kuandika. Anatafuta orodha ya viunganishi vya kitaaluma, anaufumua utangulizi na kuusuka upya mara tatu, na alama ziko palepale. Ukimwomba akuonyeshe alichosoma na alichokiandika pembeni wakati anasoma, mara nyingi hitilafu unaikuta huko, kabla hata hajaandika sentensi ya kwanza.

Najua kwa sababu na mimi nimepita humo. Insha yangu ya kwanza ya chuo ilirudi ikiwa na maneno matatu tu kwa wino mwekundu: "Umesoma sana. Hujasema." Nilikasirika wiki nzima.

Hapa chini malalamiko yamepangwa kama wanafunzi wanavyoyasema. Nenda moja kwa moja kwenye lako, ila usishangae likikurudisha kwenye lingine.

"Nimesoma kurasa kumi na sikumbuki kitu"

Funga kitabu. Sema kwa sauti, kwa sentensi mbili, mwandishi anadai nini na anatumia nini kulithibitisha dai hilo. Ukiweza, kumbukumbu yako haina shida, una wasiwasi tu wa mtihani. Usipoweza, chunguza mambo mawili.

Huenda umesoma bila swali. Macho yanatembea juu ya mistari, akili iko kwingine, na hakuna kinachokushtua kwa sababu hukuwa unatafuta chochote. Kabla ya kufungua maandishi, andika swali moja unalotaka yakujibu. Si lazima liwe zuri. "Huyu anakubaliana na yule wa juma lililopita?" linatosha kabisa.

Au umesoma makala ya jarida kama hadithi, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Makala nyingi za utafiti zina mpangilio unaofahamika: ikisiri (ule muhtasari mfupi wa mwanzoni), utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala. Kwa kuwa unajua kila kitu kinakaa wapi, huna sababu ya kupanga foleni. Soma ikisiri, ruka hadi aya ya mwisho ya utangulizi ambako waandishi wengi hutangaza wanachokusudia kufanya, nenda kwenye hitimisho, kisha tazama majedwali na michoro. Sehemu ya mbinu iache kwa baadaye, lakini usiitupe. Mbele utaona kwa nini.

Mwaka 1946 mwanasaikolojia wa Marekani, Francis Robinson, alipendekeza hatua tano za kusoma ambazo bado zinafundishwa: pitia juujuu, jiulize maswali, soma, sema ulichosoma bila kuangalia, kisha rejea. Wengi wanaozijua hatua hizi huruka ya nne, maana ndiyo inayoumbua. Ni rahisi zaidi kusoma tena aya ileile na kujiona umeielewa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima jambo hili kwa wanafunzi wa chuo. Waliosoma kifungu mara mbili walifanya vizuri zaidi baada ya dakika 5 kuliko wale waliosoma mara moja kisha wakajaribu kukikumbuka bila kuangalia. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Kwa maneno mengine, ile raha ya kusoma mara ya pili na kila kitu kikaonekana rahisi inakudanganya usiku wa leo. Ukweli utaujua wiki ijayo.

"Makala moja inanimaliza siku nzima"

Inawezekana unaipa kila makala uzito mmoja. Srinivasan Keshav, mtaalamu wa sayansi ya kompyuta, alieleza mwaka 2007 namna ya kusoma kwa mapito matatu. Pito la kwanza ni la dakika 5 hadi 10: kichwa, ikisiri, utangulizi, vichwa vidogo, hitimisho. La pili linafika saa moja, unafuata hoja bila kuzama kwenye kila undani. La tatu, la kuijenga upya kazi yote kichwani kana kwamba umeiandika wewe, linaweza kumchukua anayeanza saa 4 au 5.

Sasa piga hesabu. Kama umepewa makala sita kwa wiki na unataka kuzimaliza zote kwa pito la tatu, tatizo lako si kasi ya kusoma. Zipitie zote sita kwa pito la kwanza, chagua tatu za pito la pili, na moja tu, ile itakayobeba insha yako, uipe pito la tatu. Kujua kipi usisome ni sehemu ya usomi, ingawa wahadhiri wachache watakuambia hivyo uso kwa uso.

"Kila sentensi nafungua kamusi"

Hapa kuna magonjwa mawili yenye dalili moja, na dawa zake ni tofauti. Chukua sentensi iliyokushinda. Je, kuna neno usilolijua, au maneno yote unayajua na bado sentensi haifunguki?

Kama ni maneno, pima ukubwa wa pengo. Watafiti wa msamiati wanakadiria kwamba ili usome na kuelewa bila msaada unahitaji kujua maneno 98 hivi kati ya kila 100. Kwa ukurasa wa maneno 300, hayo ni maneno 6 mageni. Ukihesabu 25, usiendelee kupambana na maandishi hayo. Tafuta kwanza kitabu cha utangulizi cha somo hilohilo, kikupe istilahi, kisha urudi. Kama masomo yako yako kwa Kiingereza, habari njema ni kwamba msamiati wa kitaaluma unajirudia sana: mwaka 2000 Averil Coxhead alikusanya familia 570 za maneno (neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo) yanayojitokeza katika fani nyingi tofauti. Orodha hiyo unaweza kuimaliza ndani ya mwaka, kidogo kidogo.

Kama ni sentensi yenyewe, itafutie kitenzi kikuu. Tazama hii niliyoitunga kwa mtindo wa majarida yetu:

"Kutofautiana kwa viwango vya umilisi wa lugha ya kufundishia miongoni mwa wanafunzi wanaojiunga na vyuo kumehusishwa na kuchelewa kukamilika kwa tafiti."

Maneno ishirini na moja, na msomaji wa kawaida anapotelea kwenye "wanaojiunga na vyuo". Lakini Kiswahili kinakuachia alama njiani. Kitenzi kikuu ni "kumehusishwa", na kiambishi "ku-" mwanzoni mwake kinakuambia urudi nyuma ukatafute kiima kinachoanza kwa "ku-". Utakikuta mwanzoni kabisa: "kutofautiana". Ile "kufundishia" imefungwa na "ya", inaieleza lugha tu, haiwezi kutawala kitenzi. Kwa hiyo mifupa ya sentensi ni: kutofautiana kumehusishwa na kuchelewa. Nyama iliyobaki irudishe taratibu: kutofautiana kwa nini, kwa nani, kuchelewa kwa nini.

Na kabla hujaondoka hapo, tazama kitenzi tena. Mwandishi amesema "kumehusishwa na", hakusema "kumesababisha". Ameona vitu viwili vinatembea pamoja, hajadai kimoja kimezaa kingine. Kesho mwanafunzi ataandika kwenye insha yake kwamba "utafiti umeonyesha umilisi mdogo wa lugha unasababisha kuchelewa", mhadhiri ataweka alama ya kuuliza pembeni, na mwanafunzi atadhani ameonewa.

"Nimepigia mstari ukurasa mzima"

Basi hujapigia mstari chochote. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu kumi za kujifunza na kuziweka kwenye mizani: kupigia mstari na kurudia kusoma zilipata daraja la chini, kujipima na kutawanya vipindi vya kujifunza zikapata la juu. Weka kalamu chini mpaka aya iishe. Kisha andika pembeni neno moja linalosema aya hiyo inafanya kazi gani: anadai, anatoa mfano, anapinga, anakubali kwa sharti. Ukifika mwisho wa makala, safu hiyo ya maneno pembeni ndiyo ramani yake.

"Nimekaa mbele ya ukurasa mtupu"

Kwanza soma swali upya, polepole, hasa kitenzi chake. "Eleza" na "jadili" si ndugu wa karibu kama wengi wanavyodhani. Eleza inataka uonyeshe jambo lilivyo. Jadili inataka pande zaidi ya moja na wewe usimame mahali fulani. "Tathmini" inataka kipimo: jambo hili lina thamani kiasi gani, kwa kigezo kipi? "Linganisha" haitaki kurasa mbili za A zikifuatwa na kurasa mbili za B. Inataka kigezo kimoja kimoja, A na B wakiwa wamesimama bega kwa bega.

Ukishaelewa swali, jaribu kummalizia mwenzako sentensi hii kwa mdomo: "Ninachosema mimi ni kwamba…" Ikitoka, iandike hivyo hivyo na uendelee. Ikikwama, acha kuusubiri msukumo. Huna bidhaa ghalani. Rudi kwenye kusoma, safari hii na jedwali: kila mstari chanzo kimoja, kila safu swali moja (anadai nini, amewapima akina nani, kwa njia gani, nini hakukigusa). Jedwali likijaa, insha inaanza kujiandika yenyewe kwa sababu unaona safu ambayo vyanzo vinagombana.

Na utangulizi uandike mwisho. Huwezi kumtambulisha mgeni ambaye hujakutana naye.

"Mhadhiri ameandika: hoja yako ni ipi?"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndilo linalotibiwa vibaya kuliko yote. Mwanafunzi akiambiwa hana hoja, anaongeza "kwa maoni yangu" kwenye aya tatu. Haisaidii. Tazama aya hii ya mfano. Waandishi wake ni wa kubuni:

"Mwandishi wa kwanza anasema kukesha ukisoma kunasaidia. Mwandishi wa pili anasema kukesha kunamchosha mwanafunzi. Mwandishi wa tatu anasema inategemea mtu. Hivyo basi, kukesha kuna faida na hasara zake."

Kila sentensi ni sahihi. Sarufi haina dosari. Lakini ni mahudhurio, kama mwalimu anayeita majina darasani: fulani yupo, fulani yupo, tufunge. Na hiyo "faida na hasara zake" ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajasoma hata chanzo kimoja.

Sasa tuseme mwanafunzi huyo amerudi kwenye ile sehemu ya mbinu aliyoiruka:

"Waandishi hawa wanaonekana kupingana, lakini hawakupima kitu kimoja. Wa kwanza aliwatahini wanafunzi asubuhi iliyofuata. Wa pili aliwafuatilia muhula mzima. Inawezekana kabisa kukesha kukamvusha mtu mtihani wa kesho na bado kukamshusha mwishoni mwa muhula. Kwa hiyo swali la kama kukesha kunasaidia halina jibu mpaka tuseme kunasaidia kwa muda gani."

Hakuna "kwa maoni yangu" hata moja, na bado mwandishi anasikika. Hoja ilitoka wapi? Haikutoka kwenye kipaji. Ilikuwa imelala kwenye kurasa mbili za mbinu ambazo watu huruka kwa kuwa zinachosha.

Kuna kipimo cha haraka cha kuikagua hoja yako. Mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alionyesha mwaka 1958 kwamba kati ya dai na ushahidi kuna kiungo cha tatu, ile sababu inayoufanya ushahidi huo uwe ushahidi wa dai hilo. Watu wengi hukiacha kimya. Chukua aya yako, soma dai, soma ushahidi, kisha jiulize: "Kwa hiyo nini?" Jibu la swali hilo ndiyo sentensi inayokosekana. Iandike.

"Programu imesema kazi yangu inafanana na za watu"

Usikimbilie kuogopa namba. Programu inahesabu mfanano, haihukumu wizi. Nukuu uliyoitia alama za mtajo vizuri na hata orodha ya marejeleo vinaweza kuhesabiwa. Fungua ripoti, uangalie ni nini hasa kimepakwa rangi.

Kama kilichopakwa rangi ni aya zako mwenyewe, basi kuna shida, na karibu kila mara imeanzia kwenye daftari. Ulinakili sentensi ukiwa unasoma, hukuweka alama yoyote, na wiki mbili baadaye ukadhani ni yako. Kuanzia leo, kila unachoandika kwenye daftari kiwe na kitambulisho: alama za mtajo na namba ya ukurasa kwa maneno ya mwandishi yaliyonakiliwa, herufi M kwa yale uliyoyaweka kwa maneno yako, nyota kwa wazo lako mwenyewe. Usiruhusu mstari usio na kitambulisho.

Chanzo cha pili ni kubadilisha maneno huku chanzo kiko wazi mbele yako. Tuseme mwandishi ameandika: "Wanafunzi wengi hushindwa kuandika kwa sababu hawajasoma vya kutosha." Wewe unaandika: "Wanachuo wengi hukosa uwezo wa kuandika kwa vile hawajajisomea ipasavyo." Nguo mpya, mwili uleule. Hata ukitaja jina la mwandishi, hujaliweka wazo kwa maneno yako. Funga chanzo, subiri kidogo, kisha mwelezee mtu ambaye hajakisoma. Pengine utaishia na: "Ugumu wa kuandika, kwa mtazamo huu, ni deni la usomaji." Sasa fungua ulinganishe, na bado umtaje mwenye wazo, kwa sababu wazo ni lake.

Kuhusu mtindo wa marejeleo sina mengi: tumia uliopewa na idara yako na usiuchanganye. Toleo la 7 la APA (mtindo wa Chama cha Saikolojia cha Marekani), kwa mfano, linataka chanzo chenye waandishi 3 au zaidi kitajwe kwa jina la mwandishi wa kwanza likifuatwa na "na wenzake" tangu mara ya kwanza, na nukuu ya maneno 40 au zaidi isimame peke yake kama kifungu bila alama za mtajo. Ni sheria za barabarani, hazina falsafa. Onyo moja tu: programu za akili mnemba zinaweza kukutungia rejeleo lenye jina, mwaka na jarida, na lisiwepo popote duniani. Usiorodheshe chanzo ambacho hujakifungua mwenyewe.

"Aya zangu hazishikani"

Fanya muhtasari wa kurudi nyuma. Rasimu ikiisha, andika pembeni ya kila aya sentensi moja inayosema aya hiyo inadai nini. Kisha zisome sentensi hizo peke yake, kama insha fupi. Aya ambayo haikubali kufupishwa kwa sentensi moja ina mambo mawili ndani, igawe. Aya mbili zenye sentensi moja ni aya moja. Zikirukaruka, panga upya sentensi kwanza, aya zitafuata.

Halafu futa kwa muda "aidha", "hivyo basi" na "hata hivyo" zote. Kama maana haijatikisika, zilikuwa pambo. "Aidha" hasa inaonewa sana: inawekwa mwanzoni mwa aya ambayo haiongezi chochote juu ya iliyotangulia.

"Lugha yangu imekuwa nzito"

Soma kwa sauti. Utakaposhindwa kupumua, kata. Na liwinde neno "suala". Nimewahi kuandika, kwa mkono wangu mwenyewe: "Suala la ukosefu wa muda ni suala ambalo limekuwa likiathiri suala zima la usomaji." Nilimaanisha kwamba wanafunzi hawana muda wa kutosha wa kusoma. Uzito wa aina hii huja pale mwandishi anapojificha, na mara nyingi anajificha kwa sababu hana uhakika na alichosoma.

"Nimefanya yote haya, alama ni zilezile"

Kusanya kazi zako tatu za mwisho zilizosahihishwa. Nakili kila neno alilokuandikia msahihishaji pembeni, kila moja kwenye mstari wake, bila kujitetea. Tafuta linalojirudia. Kwenye kazi ijayo shughulika na hilo moja tu, mengine yasubiri.

Kwangu lilikuwa neno "kivipi?" Nilipoyapanga maoni nikaliona mara tano katika kazi tatu. Nikarudi kwenye kila sentensi iliyoandikiwa "kivipi?", nikatafuta chanzo chake kwenye daftari. Zote tano zilikuwa sentensi nilizozinakili neno kwa neno nikiwa nasoma, bila alama, bila ukurasa, na bila kuzielewa.